Safari si kwenda kuangalia simba

Sidhani kama kuna neno la Kiswahili lililozunguka dunia kuliko safari. Liko kwenye kamusi za Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani, na mwaka 2003 kampuni ya Apple iliipa jina hilo programu yake ya kuperuzi intaneti. Watu wengi hujivunia jambo hili, na mimi pia najivunia. Ila lilipovuka maji lilivuliwa karibu maana zake zote. Huko safari ni kupanda gari lililo wazi juu na kwenda kutazama simba. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba maana hiyo nyembamba inarudi kwetu, na tunaipokea kana kwamba ndiyo ya asili.

Simama stendi ya mabasi alfajiri usikilize. "Shikamoo mama, safari ya wapi?" "Marahaba mwanangu, naenda Singida, kuna msiba." Neno limekaa mahali pake. Mtu ana safari kwa sababu ana jambo: msiba, harusi, mzigo wa vitunguu, mtoto anayepelekwa shule ya bweni. Aliyefariki tunasema yuko katika safari yake ya mwisho. Tena tukichoka kudanganywa tunasema "safari hii hatukubali", na hapo hakuna aliyetoka nyumbani kwake. Maana yake ni mara hii.

Mturuki akitaka kusema "mara hii" husema *bu sefer*. *Sefer* ni neno lilelile, limetoka kwenye Kiarabu, *safar*, mwendo wa kutoka kwako kwenda mbali. Kiswahili na Kituruki havikukaa jirani, lakini kila kimoja kimefika kwenye wazo kwamba kila mara ya jambo ni safari moja. Kwa Kihindi na Kiurdu *safar* imebaki mwendo tu. Waarabu wenyewe, wanazuoni wao wa zamani, walipenda kulihusisha neno hili na kitenzi cha kufunua: safari imeitwa safari kwa sababu humfunua mtu tabia yake. Aliyewahi kusafiri na rafiki kwa siku tatu kwa basi bovu hatabisha.

Hapa nitoe tahadhari, maana nimesikia watu wakichanganya. Mwezi wa Safar, ambao pwani tunauita Mfunguo Tano, hauhusiani na safari. Kwa Kiarabu mwezi huo huandikwa kwa *swad*, na safari kwa *sin*. Sisi herufi zote mbili tumezifanya "s", ndiyo maana yanaonekana ndugu. Ndugu wa kweli wa mwezi huo, kwa herufi zake, ni sifuri, neno ambalo Ulaya lilizaa *zero* ya Waitaliano na *chiffre* ya Wafaransa.

Turudi barabarani, kwa msafiri mwenyewe. Kiarabu humwita *musafir*, na sheria ya Kiislamu inampa nafuu: anapunguza rakaa, anaruhusiwa kufungua Ramadhani na kulipa baadaye. Waturuki wakalichukua neno hilo wakaliita *misafir*, lakini kwao *misafir* ni mgeni, yule aliyekaa sebuleni kwako anakunywa chai. Waromania, waliokaa karne nyingi chini ya kivuli cha Waturuki, nao humwita mgeni *musafir*. Kwa hiyo neno moja limetazamwa kutoka pande mbili za mlango. Sisi tunamwona mtu anapoondoka, wao wanamwona anapobisha hodi. Na wahenga wetu waliujua upande huo wa pili, ndiyo wakasema "msafiri maskini ajapokuwa sultani". Akishatoka kwake, hata mwenye mali analala kwa hisani ya mwenyeji.

Lakini neno hili lina sura chungu pia. Kwa Waturuki *sefer* ni pia msafara wa vita, na humo likatoka *seferberlik*, kukusanya watu kwa ajili ya vita. Mwaka 1914 dola ya Uthmaniya, ile ya Waturuki, ilipoingia Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume wa Syria, Lebanon na Palestina walichukuliwa kwa nguvu, na neno likarudi kwenye Kiarabu kama *safarbarlik*. Huko hadi leo linabeba kumbukumbu ya njaa na ya waliochukuliwa wasirudi. Neno lilitoka kwa Waarabu likiwa mwendo, likarudi likiwa msiba. Miaka ileile, huku kwetu, watu waliokuwa wakitembea na mizigo kichwani waliburuzwa kwenye vita hivyohivyo kubebea majeshi ya wakoloni. Kikosi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps, ndipo likatoka jina la Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor ya Nairobi. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa.

Na ni kwa wapagazi kama hao, miongo kadhaa kabla ya vita hivyo, Kiingereza kiliposikia neno safari. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 pamoja na John Speke, ni miongoni mwa waandishi wa kwanza kulitumia kwa Kiingereza. Alilikuta linatumika, kwenye njia ya Bagamoyo na Tabora hadi Ujiji, ambako Wanyamwezi walikuwa wanabeba pembe za ndovu na vitambaa, wakiongozwa na kirongozi wao mbele. Safari ilikuwa watu. Kisha mwaka 1909 akaja Theodore Roosevelt, ametoka tu kwenye urais wa Marekani, akashuka Mombasa na mwanawe Kermit. Wawili hao waliua wanyama zaidi ya 500. Mamia ya wapagazi walibeba vitu vyao, lakini magazeti ya Marekani yalisimulia bunduki na tembo. Baadaye bunduki ikabadilishwa kwa kamera. Mnyama akabaki katikati ya neno, na mpagazi akafutwa.

Siwalaumu Waingereza kwa kubadili maana. Sisi nasi tulilichukua kwa Waarabu, tukalifanyia kazi hadi likazaa safirisha, usafiri, wasafirishaji, usafirishaji. Kila lugha ina haki hiyo. Ninachokataa ni sisi kuiga nakala iliyopunguzwa. Siku hizi naona vipeperushi vya Kiswahili, vilivyoandikwa Arusha kwa wasomaji wa Tanzania, vikisema "njoo uifanye safari yako ya kwanza". Msomaji ni mtu aliyetoka Mbeya kwa basi usiku kucha! Nimeona hata vitabu vya picha vya watoto ambamo ukurasa wa safari una twiga, na hauna begi, hauna tiketi, hauna mtu anayeagwa.

Wenye kutafsiri, tunayo maneno ya kazi hiyo: kutalii, kutembelea hifadhi, kwenda mbugani kuona wanyama. Mgeni akisema kwa Kiingereza kwamba yuko safari, andikeni kwamba anatalii Serengeti.