Alama za Ushiriki Hupima Malezi

Kila mwalimu amewahi kukutana na mwanafunzi ambaye daftari lake ni safi na mtihani anaufanya vizuri, lakini swali likiulizwa darasani huinamisha macho na kunyamaza. Kwenye ripoti yake huandikwa kwamba hajiamini, au kwamba hashiriki. Kwa maoni yangu, maneno hayo mara nyingi humweleza aliyeyaandika kuliko anayeandikwa.

Kabla hajaijua hata herufi moja, mtoto amekwisha kufunzwa nyumbani ni nani huanza kuzungumza, mkubwa hutazamwaje, na kama kuuliza swali ni dalili ya akili au ya utovu wa adabu. Aliyelelewa akiamini kuwa kumkazia macho mtu mzima ni ujeuri atatazama chini anapokaripiwa, na mwalimu aliyelelewa kwingine ataona katika kitendo hicho hicho dalili ya hatia au dharau. Wote wawili wana adabu, ila hawakufunzwa adabu moja.

Mtafiti Susan Philips, aliyewachunguza watoto wa jamii za wenyeji asilia wa Warm Springs, Oregon, nchini Marekani, alieleza mwaka 1972 jinsi watoto hao walivyokuwa wazito kusema peke yao mbele ya darasa zima, ilhali katika vikundi walivyoviendesha wenyewe, au walipozungumza na mwalimu pembeni, walichangamka. Kwao walizoea kujifunza kwa kutazama, kisha kujaribu faraghani, na kuonyesha ujuzi pale tu walipokwisha kuumudu. Shule iliwataka wajaribu hadharani, na wakikosea wakosee mbele ya wenzao. Huko Hawaii shida ilikuwa ya upande mwingine: watoto walidakiana maneno, jambo ambalo shuleni huhesabiwa kuwa fujo. Mtafiti wa elimu Kathryn Au alionyesha kwamba somo la kusoma lilipoendeshwa kwa mtindo huo huo wa kudakiana, watoto waliijadili hadithi kwa kina zaidi.

Sisemi kwamba kila kimya kina utamaduni nyuma yake. Wapo wanaonyamaza kwa sababu hawakusoma, au wana usingizi, na ndugu wa nyumba moja huweza kutofautiana kabisa. Mwalimu anayesema "watu wa kabila lile ndivyo walivyo" amekosea kama yule asiyeona tofauti yoyote, na pengine zaidi, kwa kuwa huyo wa kwanza hudhani ameelewa.

Ninachokipinga ni alama za ushiriki zinazotolewa kwa kuhesabu mikono iliyonyooshwa. Tunampa alama mtoto aliyefunzwa kwao kusema bila kusubiri, kisha tunaziita alama za uelewa. Swali linaweza kuandikiwa jibu kwanza, likajadiliwa na wawili wawili, ndipo lifike kwa darasa zima.

Jambo jingine ni kusubiri tu. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa elimu wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kuwa walimu, baada ya kuuliza, walisubiri kwa wastani wa kama sekunde 1 hivi, na kwamba waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Nilijaribu kuzihesabu sekunde hizo kimoyomoyo darasani, na siku ya kwanza sikufika hata mbili.