Kazi mpya mchana, mchezo wa mezani usiku

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye kazi za programu jembe unakabidhiwa siku ya kwanza, hata kabla nenosiri lako halijakubali, na mipaka ya shamba huijui. Nimeanza kazi mpya hivi karibuni, na naona tunakosea tunaposema mgeni anachoshwa na wingi wa kazi. Wiki za mwanzo kazi yenyewe huwa kidogo tu. Kinachomaliza nguvu ni kucheza mchezo ambao hakuna aliyeandika kanuni zake. Ile seva ya zamani anaulizwa nani? Ukitaka mabadiliko yako yakaguliwe, unamfuata mtu au unasubiri akuone? Na kwa nini ukilitaja faili fulani watu wanaangaliana?

Chukua mstari mmoja tu wa msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Unakuta programu imeamriwa isubiri sekunde 3 kabla ya kuendelea, bila maelezo. Unaiuliza Git, programu inayoweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza msimbo wa mfumo wa Linux, ni nani aliyeuweka mstari huo. Inakupa jina, tarehe ya miaka mingi nyuma, na ujumbe wa maneno matatu: "rekebisho la muda". Mwenye jina ameshahama kampuni. Unaufuta mstari kwenye kompyuta yako kujaribu, na kila kitu kinaendelea sawasawa. Hapo ndipo unapoogopa hasa, maana kingeharibika kitu ungejua ulikuwepo kwa kazi gani. Unaurudisha ulipokuwa.

Pembeni yako ameketi mwenyeji anayefungua faili hilohilo na kuona tatizo kabla hujamaliza kueleza. Ni rahisi kudhani ana akili kukushinda. Mwaka 1973 watafiti William Chase na Herbert Simon walichapisha utafiti kuhusu sataranji: mchezaji anaonyeshwa ubao kwa sekunde 5, kisha anaupanga upya kwa kumbukumbu. Kete zilipokuwa zimetoka kwenye mchezo halisi, bingwa alimwacha mbali sana anayeanza. Zilipotawanywa ovyo, ubingwa wake ulikaribia kutoweka. Kumbukumbu yake ilikuwa ya kawaida. Alichokuwa nacho ni mipangilio aliyoizoea, akiitambua kwa mafungu. Mwenyeji wa ofisini naye ndivyo alivyo. Wewe bado unaona kete mojamoja, na hakuna njia ya mkato ya kuruka hatua hiyo.

Ndiyo maana jioni nataka meza yenye sanduku lililofunguliwa na kijitabu cha kanuni ndani yake. Mkibishana, mnafungua ukurasa na ubishi unakwisha. Mchezo una mwisho: mtu anashinda, vipande vinarudi sandukuni, hakuna anayekuandikia asubuhi kuuliza umefikia wapi. Baada ya siku nzima ya kubahatisha, kujua kwa uhakika kwamba zamu yako ina hatua mbili na kadi moja ni starehe kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Ila si kila mchezo unapumzisha, na hapa wapenzi wenzangu wa michezo huwa hawakubaliani nami. Sataranji, pamoja na heshima zake zote, naiweka kando miezi ya mwanzo. Kuhesabu hatua tano mbele ni kazi ileile niliyotoka kuifanya. Michezo ya kusimulia na kuigiza, kama Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, ni mizuri ukiwa mchezaji. Ukikubali kuwa mwendeshaji umejitafutia ajira ya pili: kuandaa visa, kukumbuka majina, kupanga ratiba za watu wazima ambao hawajawahi kupata nafasi siku moja.

Wa kujihadhari nao zaidi ni michezo ya kushirikiana. Pandemic, ya Matt Leacock iliyotoka mwaka 2008, ni mfano mzuri: wote mko upande mmoja dhidi ya magonjwa manne yanayosambaa duniani, mnashinda pamoja au mnashindwa pamoja. Mchezo umetengenezwa vizuri mno. Tatizo ni kwamba karibu kila taarifa iko wazi mezani, kwa hiyo mwenye uzoefu na mdomo anaweza kuwapangia wote zamu zao. "Wewe nenda pale, tibu mara mbili, kisha mpe yeye kadi." Mtu aliyeshinda ofisini akielekezwa bonyeza hapa, fungua pale, akifika mezani akaelekezwa tena, hajapumzika. Amebadilisha msimamizi tu. Usiku kama huo heri karata za haraka ambazo kila mtu anazificha zake.

Na siku mbaya kabisa, mchezo wenyewe nauacha, napaka rangi visanamu vinavyotumika kwenye michezo hiyo. Kisanamu cha kama sentimita 3, kimeshapigwa rangi ya msingi. Unaongeza maji kwenye rangi mpaka iwe nyepesi kama maziwa, unapaka tabaka la kwanza na linaonekana baya, lina mabaka, unatamani kuongeza rangi nzito. Usiongeze. Subiri likauke, paka la pili, mabaka yanapotea. Kisha rangi nyeusi ya majimaji inaachwa itiririke kwenye mikunjo ya nguo, na ghafla uso una macho. Hakuna uamuzi mkubwa humo, na ulichokifanya unakishika mkononi. Kwa mtu ambaye kazi yake ya wiki nzima ilikuwa kusoma msimbo wa wengine bila kuandika wake, hilo si jambo dogo.

Halafu kuna usiku wa michezo unaoandaliwa na ofisi. Nenda, lakini jua unakwenda kazini. Utajifunza mengi kwa kuangalia nani anamtania nani na nani anaogopwa akishindwa, na pengine ndipo utakapopata jibu la ile seva ya zamani. Mimi hucheza raundi moja, nashukuru, naondoka. Visanamu vyangu siwapelekei.