Bisi Hazihesabiki, Karanga Zinahesabika

Mimi na Kiingereza kikubwa hatuna ugomvi. Neno kama "acclimatization", refu kuliko foleni ya kupimia mizigo Lango la Machame la kupandia Kilimanjaro, wagumu wote, yaani wapagazi wa mlimani, wanalijua, hata yule aliyeacha shule darasa la nne. Ugomvi wangu ni na vile vineno vidogo. "A." "An." "The." Havina uzito, haviliki, ukimuuliza mtu maana yake anakuna kichwa, lakini sahau kimoja uone: mwalimu anakuzungushia duara jekundu mpaka karatasi inatoboka.

Yote haya kayaleta bosi. Miaka yote mlimani mpangilio ulikuwa unaeleweka. Mimi napika, waita anabeba sahani, kiongozi wa msafara anaongea na wageni. Wagumu wanatuita wapishi "stomaki injinia", na niambie wewe, ni injinia gani umewahi kumwona amesimama juu ya daraja analieleza kwa wapita njia? Sasa bosi kaamua mpishi aingie mwenyewe hema la kulia, avue kofia, aeleze chakula kwa Kiingereza. Eti wageni wanapenda kumjua mpishi. Wageni ninaowajua mimi wakifika kambini wanapenda kujua choo kiko wapi.

Basi, kwa kuwa ni masika, mvua hairuhusu na mlima umelala, nipo darasani jioni, chumba kimoja huku Majengo, Moshi, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Mwalimu ni kijana wa kumpa kaka mdogo wa mke wangu akacheze naye mpira. Kila jioni ananiamkia, "Shikamoo mzee," kwa adabu zote. Namwitikia marahaba. Akimaliza hapo anafungua daftari langu na heshima yote inaishia mlangoni.

Anasema "a" inakaa mbele ya konsonanti, "an" mbele ya irabu. Nikasema hili dogo. Nikaandika: an egg, an onion, an avocado. Jiko zima likakubali. Kumbe ni mtego aisee! Akaandika ubaoni "a uniform". Mwalimu, hiyo u siyo irabu? Anasema kwa macho ni irabu, ila kwa masikio inaanza na "yu". Akaandika "an hour". Na hiyo h je? Hiyo, anasema, ipo lakini haitamkwi. Sasa kama haitamkwi si waifute wapunguze wino? Kwenye Kiswahili herufi ikija kazini inafanya kazi. Hatuna herufi ya kukaa tu inasubiri mshahara.

Halafu, kwa kutufurahisha, akatuambia kwamba "apron" hapo kale ilikuwa "napron". Waingereza wakawa wanasema "a napron" mbiombio, ile n ikaruka mpaka upande wa pili, ikawa "an apron", na imebaki hivyo hadi leo. Yaani wenyewe hawakujua neno linaanzia wapi! Wamehamisha n mchana kweupe, kijiji kizima, na hakuna aliyekatwa maksi. Mimi nimeandika "a apron", vazi nililolivaa mimi, lenye madoa ya mchuzi wangu, nimekatwa mbili.

Lakini hayo ni madogo. Kilichoninyima usingizi ni "the".

Mwalimu anasema "the" ni ya kitu kinachojulikana, au kitu kilicho kimoja tu. Jua ni moja: the sun. Mwezi ni mmoja: the moon. Nikafurahi, maana kitu kilicho kimoja tu mimi nakijua, mawingu yakikubali nakiona nikiwa napiga mswaki. Nikanyoosha mkono nikasema kwa sauti: "The Mount Kilimanjaro." Duara jekundu. Mlima hauna "the". Mita 5,895, hakuna ulioupita Afrika nzima, watu wanatoka Japani kuja kuulilia kwa furaha kule juu, na hauna "the"! Nani basi anayo? Milima ya Upare inayo: the Pare Mountains. Usambara wanayo. Mlima Meru hapo jirani hauna. Mto Pangani unayo, Bahari ya Hindi inayo, Ziwa Victoria, pamoja na maji yote yale, halina. Nikauliza kwa nini. Mwalimu akasema safu ya milima inapewa, mlima mmoja haupewi. Mto unapewa, ziwa halipewi. Nikauliza tena kwa nini. Akasema, "Ndivyo ilivyo, mzee," akafuta ubao kabla sijauliza mara ya tatu.

Sasa mke wangu ni Mpare wa Usangi. Nilimsimulia nikitegemea anionee huruma. Aliacha kuchambua mchele, akajifuta machozi ya kucheka na pindo la kanga, akasema, "Baba Manka, sisi tumepewa. Nyie Wachaga subirini." Na mnavyowajua Wapare, wakishapewa kitu hakigawiwi. Siku hizi akinituma soko la Mbuyuni anasema, "Leta mafuta, leta na the sabuni." Sabuni ya kwao ina "the". Mlima wetu hauna.

Nikatafuta wenzangu, nikakuta tuko wengi. Mrusi hana "the". Mjapani hana, Mchina hana. Nilishampikia Mrusi mmoja njia ya Lemosho, supu ya boga, akaonja akasema, "Soup good. Give soup." Nikampa supu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyepotea njia, na bahashishi alitoa vizuri kuliko Waingereza wawili waliokuwa hema la pili na "the" zao.

Ila haki lazima isemwe, Mjerumani ni mbaya zaidi. Yeye anazo tatu, der, die na das, na kila kitu kimegawiwa ya kwake. Kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, kisu hakijulikani ni nini. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 alipanda nazo zote, na sidhani kama alibeba yeye. Wajerumani wangebaki hapa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, leo ningekuwa natandika meza ya wageni kwa kuoanisha vijiko na uma.

Wingi ndio usiniulize. Kisu ni "knife", vikizidi ni "knives". Mkate "loaf", mikate "loaves". Basi chef mmoja, wakizidi si "cheves"? Hapana, "chefs", eti huyo ametoka Ufaransa. Nyanya na viazi vinaongezwa e kabla ya s, parachichi halihitaji. Panya mmoja ni "mouse", akimleta mwenzake wanageuka "mice", na wale wa kambi ya Horombo wanaoingia kwenye gunia la unga nawahakikishia hawajabadilika hata sharubu. Mwenye utu ni kondoo peke yake. Sheep mmoja, sheep mia, sawasawa na kwetu, kondoo na kondoo. Nikiona swali la kondoo kwenye mtihani nalijibu la kwanza nipumue.

Halafu kuna futi. Moja "foot", nyingi "feet". Wamarekani wanaupima mlima kwa futi, wanapata 19,341 feet. Vizuri. Lakini ukitaka kusema ni mlima wa futi hizo, unasema "a 19,341-foot mountain". Foot! Umoja! Futi elfu kumi na tisa na ushee zimekunjwa zikawa moja, mbele ya mgumu aliyezipanda zote na gunia kichwani.

Vionyeshi nilidhani ni mapumziko. This, that, these, those, vinne tu, wakati mzungu anayejifunza Kiswahili anapambana na huyu, hawa, hiki, hivi, huu, hii, hizi mpaka anaomba maji. Tatizo, "this" na "these" kwa sikio la mtu aliyekulia Kibosho ni kitu kilekile. Mwalimu anasema ya pili nivute. Nikivuta, yule mama wa mitumba wa Kiboriloni anayekaa nyuma yangu anaangua kicheko, na yeye "those" yake inatoka "zozi".

Tena vinne havitoshi. Sisi tuna hii iliyo kwangu, hiyo iliyo kwako, na ile iliyo mbali na wote. Mwingereza hana "hiyo". Chupa ya chai iliyo mkononi mwako ni "that", na kilele cha Kibo nacho ni "that". Tulikuwa kambi ya Karanga, dogo waita amesimama hemani na chupa ya chai, mlango uko wazi, Kibo kimejaa nyuma yake. Mgeni akatikisa kidevu kuelekea mlangoni akasema, "I want that." Dogo akageuka, akautazama mlima, akamrudia mgeni kwa upole: "After tomorrow, my friend. Pole pole." Chai ikapoa. Kwa Kiswahili mgeni angesema "hiyo" akanywa.

Tukafika kwenye vinavyohesabika na visivyohesabika, na hapa nilikuwa tayari kupigana, maana chakula ni uwanja wangu. Mwalimu anasema maharage yanahesabika: beans. Wali hauhesabiki: rice. Nikadhani labda ni udogo wa punje. Lakini shayiri ya uji wa wageni ni "oats", ina s, na ngano ni "wheat", haina. Mizigo nayo haihesabiki! "Luggage" haina wingi. Nenda kamwambie mgumu wa njia ya Umbwe kwamba mizigo haihesabiki, ukitoka salama unijulishe.

Sasa kila mpishi wa Kilimanjaro anajua saa kumi jioni wageni wanapewa nini: chai, karanga na bisi. Sahani mbili, zimekaa pamoja. Mwalimu anasema karanga zinahesabika, "peanuts", bisi hazihesabiki, "popcorn". Bisi! Moja yake ni kubwa kuliko karanga nne! Kesho yake nilikaanga bisi nyumbani, nikazipeleka darasani kwenye bakuli la plastiki, nikaliweka juu ya meza ya mwalimu, nikaanza. Moja. Mbili. Tatu. Nilipofika kumi na moja kijana wa bodaboda alinyoosha mkono akachota, mama wa Kiboriloni akachota, na mwalimu mwenyewe akachota akitafuna anasema, "Mzee, ukitaka kuzihesabu sema a piece of popcorn." Nikamwambia, mwalimu, kule kambi ya Barafu upepo unapeperusha hema, vidole vimekufa ganzi, nisimame niseme "pieces of popcorn"? Wageni wenyewe wakiingia wanasema neno moja tu, "Popcorn!" Hamna a, hamna the, hamna piece, na sijaona mtu akiwazungushia duara.

Alifuta mdomo, akaandika ubaoni vingine visivyohesabika tunakili: water, sugar, bread, advice, information. Cha mwisho akaandika "money". Darasa zima likanyamaza. Kijana wa bodaboda akauliza kama amekosea. Hakukosea. Pesa, kwa Kiingereza, haihesabiki. Nikaandika kama ilivyo, nikapigia mstari mara mbili, nikafunga daftari.

Ijumaa ilikuwa siku ya ada. Nikampa noti zangu, nyingi ndogondogo za mauzo ya mke wangu. Mwalimu akalamba kidole, akaanza kuzipanga moja moja juu ya meza, midomo inacheza. Akamaliza. Akaanza upya.

"Mwalimu," nikamwambia, "si umetufundisha wewe mwenyewe kwamba money haihesabiki?"

"Ndiyo, mzee wangu," akasema bila kuinua kichwa. "Ila hapa pamepungua elfu mbili."