Upepo Mmoja, Meseji Sita

Mimi niliajiriwa kuhesabu mifuko ya saruji. Mkataba ninao, uko kwenye bahasha chini ya godoro: karani wa mizigo, Kigoma. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nitakuwa mshenga wa watu wazima wenye simu zao mfukoni.

Angalia huu upepo wa juzi. Huku kwetu kiangazi kikishika, kuanzia Mei hivi, upepo wa kusini unaamka. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo upepo ukianzia kule Mpulungu, Zambia, haukuti cha kuuzuia mpaka ukufikie wewe uliyesimama ufukweni Kibirizi, hapa Kigoma, na mawimbi unakuja umeyalea njia nzima. Boti ya mbao iliyosheheni saruji haitoki. Nahodha akitazama maji asubuhi akasema "leo hapana", basi ni leo hapana. Habari imeisha hapo.

Zamani ilikuwa inaisha. Siku hizi tumeshaletewa mtaalamu kutoka Dar, na semina, na soda, na karatasi ukutani: MJUE MLENGWA WAKO. Kila mtu kwenye timu aambiwe jambo kwa namna anayoielewa yeye. Tukapiga makofi. Nani asipige makofi na posho iko mezani? Kumbe huyo wa kuwaambia wote ni mmoja, na ndiye mimi.

Bosi yuko Dar. Anapiga saa kumi na mbili asubuhi, kwake kunapambazuka anakunywa chai, huku Kigoma bado kiza, maana jua lao linatutangulia zaidi ya nusu saa. "Nipe kwa ufupi, kijana." Nikimwandikia "Boti haijaondoka, upepo", anapiga tena: "Upepo gani wa kuzuia boti ziwani?" Haya, nikimwandikia urefu wa ziwa, na kina chake cha mita 1,470, na Mpulungu, ananijibu kwa kidole gumba. Kidole! Sijui ameelewa, amekasirika, au ameikalia simu.

Dada wa uhasibu hataki kusikia upepo kabisa, kwa sababu upepo hauna risiti. "Kaka, mzigo kulala siku moja ni shilingi ngapi?" Namwambia inategemea nahodha atasemaje kesho. Anasema kwenye jedwali lake hakuna safu ya nahodha.

Mzee wa ghala ndiye kazi. Huyo huwezi kumrukia na habari za boti, utakuwa umemtukana. Shikamoo mzee. Marahaba. Umeamkaje? Nyumbani Kasulu wazima? Maharage mmeshavuna? Mgongo? Kumwambia asifungue ghala kunachukua muda kuliko kulifungua, kulifagia na kulifunga. Nyapara wa wapagazi, Mungu ambariki, ana swali moja tu: "Leo tunalipwa, hatulipwi?" Nampenda sana yule. Tatizo jibu lake liko kwa dada wa uhasibu.

Halafu kuna Papa, wakala wetu wa Kalemie, Kongo, mzigo unakokwenda. Mtu mstaarabu, hata hasira zake zinaanza na "aksanti". Ila Papa anasoma saa 24 za ofisini, za Kifaransa, na juu ya hapo Kalemie iko nyuma yetu kwa saa moja. Ng'ambo ya ziwa tu hapo! Ukimwandikia boti inatoka saa mbili asubuhi, anajua umekusudia usiku wa manane, anawaza ni magendo. Inabidi nimwandikie 7:00, na nihesabu vidole kwanza.

Wa sita ni nahodha. Ndiyo, nahodha mwenyewe aliyenipa habari! Utaratibu unasema wadau wote wajulishwe. Nikamfuata ufukweni na karatasi. "Nahodha, napenda kukujulisha kwamba kuna upepo." Alinitazama, akatazama ziwa, akanitazama tena. "Asante mwanangu," akasema. "Ningejuaje?"

Bosi akaona nachelewa, akaagiza tuwekwe wote kwenye grupu moja la WhatsApp, niandike ujumbe mmoja unaomfaa kila mlengwa. Niliuandika. Huu hapa:

"Shikamoo mzee, habari za Kasulu. Bosi, kwa ufupi: upepo. Dada, gharama itafuata. Nyapara, swali lako limepokelewa. Papa, saa 7:00 ya kwenu, ambayo ni saa mbili ya kwetu, boti haitaondoka. Nahodha, unafahamu."

Mzee alituma sauti ndefu ya marahaba, mwishoni akauliza hawa wengine mbona hawajamwamkia. Ikabidi bosi mzima wa Dar aandike shikamoo. Dada akauliza, "Itafuata lini?" Papa akauliza kama hiyo 7:00 ni ya leo au ya kesho. Nyapara alituma picha ya wapagazi wamekaa juu ya mifuko, hawacheki. Nimejibu meseji mpaka usiku, simu iko kwenye chaji, mke wangu amenigeuzia mgongo.

Asubuhi nashuka Kibirizi na ufafanuzi wa ufafanuzi, boti hakuna. Alfajiri maji yalitulia, kibali nahodha alikuwa nacho, akawasha injini akaenda zake. Grupu hajalifungua tangu aingizwe. Jioni Papa akatuma picha: saruji inashushwa Kalemie, nahodha pembeni anakula ugali na mgebuka.

Ndipo bosi akaandika, tena kwa maneno: "Hongereni kwa mawasiliano mazuri. Karani, andaa ripoti ya namna tulivyofanikisha. Fupi ya kwangu, ndefu ya wakurugenzi. Na nahodha apate nakala."