Taa za zambarau zizimwe, bibi harusi aonekane

Nimeonyeshwa albamu ya harusi iliyofanyika hapa Ngamiani, Tanga, na hasira bado haijanitoka. Shavu moja la bibi harusi ni la chungwa, la pili ni la bluu. Hina iliyochorwa kwa ustadi hadi kwenye viwiko imekuwa nyeusi tii. Mpiga picha anasema atairekebisha kwenye kompyuta.

Hairekebishiki kirahisi. Balbu ya manjano ya sebuleni ni kama Kelvini 2,700 (kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni chungwa, kubwa ni bluu), mwanga wa mchana wa dirishani unakaribia 5,500, na tyubulaiti nayo inaongeza ukijani wake. Waiti balansi, yaani mpangilio wa kamera wa kufanya nyeupe ionekane nyeupe, ni moja kwa picha nzima: ukiondoa chungwa upande wa balbu, upande wa dirisha unazidi ubluu. Kupiga kwa RAW, yaani faili ghafi la kamera, kunasaidia, sikatai, lakini pale tu mwanga ulipokuwa wa aina moja.

Basi zima balbu! Waombe wenyeji kwa adabu, msogeze biharusi dirishani, na uangalie ukuta. Nyumba zetu nyingi zina kuta za kijani au waridi, na mwanga ukigonga ukuta unarudi na rangi ya ukuta. Usiku, flashi ivalishwe plastiki ya chungwa ifanane na balbu, kisha waiti balansi ya kamera iwekwe karibu na Kelvini 3,200.

Kinachoniuma zaidi ni ukumbini. Taa ya zambarau ya mapambo ina nyekundu na bluu. Kijani hakimo, na rangi ambayo haikuwamo kwenye mwanga hakuna programu ya kuirudisha. Wengi wakishindwa hapo wanaupaka uso weupe kwenye kompyuta. Binti wa Makorora mwenye ngozi nyeusi inayong'aa anatoka kijivu, sura si yake wala si ya mama yake, na picha hiyo ndiyo itakayotundikwa sebuleni wajukuu waione. Huko ni kumchubua mtu bila ridhaa yake, na wateja tumezoea kulipia.

Kuhusu michirizi myeusi inayokatiza picha: umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, taa za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Kamati za harusi, nawaomba sana: mwiteni mtu wa mapambo na mpiga picha kwenye kikao kimoja, kabla ya siku yenyewe. Wakubaliane kwamba wakati wa pete, keki na picha za wazazi, zambarau inazimwa na zinawaka taa nyeupe za aina moja. Baada ya hapo rangi zizunguke hadi alfajiri.