Gogo la Baharini na Dawa ya Samaki

Gogo lililotupwa ufukweni na bahari haliingizwi katika tangi la samaki wa maji yasiyo na chumvi kama lilivyookotwa. Limebeba chumvi, limebeba uozo, na aghalabu limebeba wapangaji ambao hawatapatana na samaki wako. Ni lazima liswakwe, lilowekwe na lichemshwe, na katika hilo sidhani kama kuna mfugaji wa samaki atakayebishana nami. Mtaa wetu wa Kigamboni haukubishana pia. Tatizo ni kwamba kwetu mtu mzima anayechemsha mti uani kutwa nzima anafahamika kwa kazi moja tu.

Gogo lenyewe nililiokota pepo za kusi zilipotulia, likiwa limelala juu ya mstari wa mwani, zito, limejipinda, na lina pango ambalo kambare yeyote mwenye akili angelitamani. Nililikagua kwa makini. Halikuwa na msumari wala rangi, maana kipande cha chombo kilichovunjika kinaweza kuwa na rangi yenye shaba, na shaba huua konokono na kamba wa tangini. Halikunuka utomvu, na nilipolikwangua kwa ukucha halikubonyea. Sikukata mti wowote, kwa kuwa mkoko ulio hai haukatwi bila kibali. Hili bahari ilikuwa imekwisha kulikata yenyewe. Upande mmoja lilikuwa na matundu ya wale viumbe ambao mafundi wa majahazi huwazuia kwa kupaka shahamu na chokaa chini ya chombo, na ambao, ingawa wana umbo la minyoo, ni wa jamii moja na chaza. Nililiswaki kwa brashi ngumu bila sabuni, kwa sababu mti hunywa sabuni na baadaye huitapika mbele ya samaki, kisha nikalizamisha katika pipa la maji ya bomba na kuliwekea mawe juu.

Kazi ya pipa ni kuvuta chumvi, nayo hudai kubadilisha maji mara kwa mara. Kipimo cha kujulisha kama chumvi imekwisha sina, ila ulimi ninao. Mama watoto alinikuta uani asubuhi moja nimelikumbatia gogo, ninalilamba upande wa chini, akasimama mlangoni kwa muda kisha akarudi ndani bila kuuliza lolote. Baadaye nilimsikia akimwambia dada yake kwenye simu kwamba hali yangu si mbaya sana, kwamba chakula ninakula, na kwamba kwa sasa mama asiambiwe.

Kuchemsha ndiko kulikonitoa nje ya familia. Gogo halikuenea katika chombo chochote cha nyumbani, na kulitia nusu ndani, nusu nje si kulichemsha, ni kulidhihaki. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, anayetunza lile sufuria kubwa la shughuli.

“Kuna shughuli gani, baba?”

“Hakuna shughuli, mama. Nataka kuchemshia gogo.”

Alinitazama, akatazama nyuma yangu kuona kama nimefuatwa, kisha akashusha sauti. “Chukua, mwanangu. Mambo mengine hayaulizwi.”

Nilipanga mafiga matatu uani, nikawasha kuni, na kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Hiyo ni tanini, na hakuna la kushangaza ndani yake: mti huitoa, maji huwa kahawia na kuelekea kidogo kwenye asidi, na samaki wengi wa mito ya misituni huipenda hali hiyo. (Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao kwao pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, inakaribia 9, mbali kabisa na asidi, asijisumbue na magogo, awape mawe.) Harufu, hata hivyo, ilikuwa ya tope la mikokoni, na upepo wa siku ile uliipeleka nyumba kwa nyumba bila upendeleo.

Wa kwanza kufika alikuwa mzee jirani mwenye ugonjwa wa mgongo, ameshika kikombe.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Mti gani huo?”

“Kwa kweli siujui, mzee.”

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Aliwageukia waliokuwa wanachungulia juu ya ukuta, akawaeleza kwamba mganga wa kweli hataji mti wake, na kwamba wanaotaja ni wale wa kuuza chupa stendi. Nikamwambia kwamba mimi si mganga. Akasema hilo nalo wa kweli hawalisemi. Kikombe nilimnyima, kwa kuwa mti usioufahamu haunywewi na mtu mwenye mgongo wala asiye na mgongo, naye akakubali kwamba bila shaka una masharti.

Ili kumaliza jambo nikapaza sauti ili na wa ukutani wasikie: “Jamani, hii ni ya samaki!”

Sijui kwa nini nilidhani sentensi hiyo ingenisaidia katika mtaa wenye wavuvi. Kufikia alasiri uani palikuwa na vijana wa mitumbwi wenye madumu, wakitaka ya kupaka nyavu, na mmoja wao aliniahidi kwamba akipata nguru, wa kwanza ni wangu. Niliwaeleza habari za tangi, za kambare mdogo mwenye asili ya Amerika ya Kusini anayependa kukwangua mti, na za tanini. Hapo mvuvi mmoja mzee, ambaye nilimwona kuwa mtu wa busara, alitia kidole ndani ya dumu nililokuwa nimechotea maji yapoe, akanusa, akatangaza kwamba ninasema kweli tupu: zamani, nyavu zilipokuwa za pamba, walichemsha maganda ya mkandaa, aina ya mkoko, wakazitia humo zisioze, na maganda ya mikoko ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda ng'ambo kusindikia ngozi za wanyama. Maelezo yake yalikuwa sahihi kabisa, nayo ndiyo yaliyonimaliza, maana sasa dawa yangu ilikuwa na shahidi.

Maji yale yalibaki kuwa na chumvi kidogo, kwa hiyo sikuweza kuyamwaga kwenye mchicha wa mama watoto. Mfereji wa karibu wenye mteremko uko njia panda. Kubeba ndoo za maji ya moto mchana, watoto wakicheza barabarani, ni hatari ambayo mtu mwangalifu haifanyi, hivyo nilisubiri yapoe, nayo yakapoa baada ya Isha. Nilivaa msuli kwa sababu ya kulowa. Nilivua ndara kwa sababu ya utelezi. Nilihesabu ndoo kwa sauti ya chini nisipoteze idadi. Kila moja ya hatua hizo ninaweza kuitetea mbele ya hakimu, lakini dada muuza mihogo aliyekuwa anarudi nyumbani hakuziona moja moja. Aliona mwanamume mwenye msuli, miguu mitupu, amesimama njia panda gizani, anamwaga maji meusi huku midomo inacheza. Aligeuza njia. Sinia lake la mihogo lilibaki pale hadi asubuhi.

Mjumbe wa mtaa alifika mapema, na daftari.

“Ndugu yangu, sikukatazi riziki. Lakini tiba asili ina sheria yake tangu mwaka 2002, na mganga husajiliwa. Cheti chako kiko wapi?”

Nilimkaribisha sebuleni, nikamwonyesha tangi la lita 120, gapi, wale samaki wadogo wa mapambo, wanaozunguka, na kambare aliyebandika mdomo kiooni. Alisema samaki amewaona, sasa litiwe gogo aone kama kweli ni lao. Nilimweleza kwamba gogo bado halijawa tayari, kwa kuwa ndani yake kuna hewa, na kwamba kuchemsha huharakisha tu; mti mnene huweza kuhitaji majuma majini kabla ya kukubali kuzama. Akafungua daftari na kuandika. Nilipoona anaandika, nilichomoa nyaya zote za umeme kwenye soketi, nikalikandamiza gogo hadi chini, nikaliachia.

Lilipanda kwa nguvu ambayo hata mimi sikuitarajia. Mfuniko ulitoka, taa ikaangukia zulia, gapi mmoja akarukia kwenye kochi na kurejeshwa na mama watoto kwa upawa, na maji yakaingia katika kurasa za wakazi wote wa shina letu.

“Limekataa,” alisema mjumbe kwa sauti ndogo, akiwa amesimama juu ya kiti.

Gogo lilirudi pipani chini ya mawe, na kwa wakati wake likazama lenyewe bila kushikwa. Baada ya kuingia tangini liliota utando mweupe kama inavyotokea kwa magogo mengi mapya, ambao ni kuvu na bakteria wanaokula sukari ya mti na hauwadhuru samaki. Kambare aliushughulikia. Mjumbe alikuja kushuhudia, akaleta na familia yake, na daftari alikuwa ameliacha nyumbani.

Sufuria nililirudisha baada ya kulisugua kwa mchanga na ndimu. Kina mama walilinusa na kuliweka kando hadi ilipotokea harusi kubwa na yale mengine yakawa hayatoshi. Pilau iliyopikwa ndani yake iliisha kabla bwana harusi hajafika. Mwenyekiti alinitafuta ukumbini hadi akanipata, akaniambia kwamba angeshukuru kama siku nyingine ningewaambia mapema kwamba dawa ya kuvuta samaki inavuta na watu, ili waongeze mchele.