Kishikwambi cha bei chee kimewakosea nini?

Jumamosi kwenye kikoba nimetoa kishikwambi changu nianze kuingiza hisa, shemeji mmoja pale (hata si mwanachama, kaja kumsubiri mke wake tu) akaangua kicheko. "Dada, hicho si cha watoto kuangalia katuni? Nunua iPad bwana, katibu mzima!" Na wengine nao wakacheka. Nikanyamaza maana kulikuwa na watu wa kupigwa faini.

Ila limenikaa rohoni na leo nalitoa. iPad ya nini jamani? Ya kuandika kwamba mama fulani kanunua hisa tatu na kachelewa? Changu ni inchi 7, RAM (ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, si ya kuwekea mafaili) GB 2, kinafanya mambo matatu basi: mahesabu ya kikoba kwenye Google Sheets, kusoma PDF, na WhatsApp niliyoiunganisha na ile ya kwenye simu. Faili la kikoba nimeliweka lifunguke hata bila bando, nikifika nyumbani nawasha hotspot ya simu linapanda lenyewe. Zamani tulikuwa na daftari, na daftari lilimwagikiwa chai ukurasa wa mikopo, mnakumbuka ile vita.

Sasa hivi mtu akibisha faini namtafutia jina lake namkabidhi kishikwambi aone mwenyewe. Namkabidhi kabisa mkononi kwa sababu skrini yake ukiitazama kwa pembeni rangi zinageuka huoni kitu, hilo nakiri, lakini limekuwa na faida maana mtu akishakishika na kusoma kwa macho yake tarehe na kiasi, anakirudisha kimya kimya na kufungua pochi. Na hii si mambo ya ajabu, sensa ya 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi, tukahesabiwa watu zaidi ya milioni 61, eti kikoba cha kina mama wa mtaa mmoja ndo kitashindikana!

Haya, kamera ni takataka. Vidio kol inaganda mpaka unamwona mtu kaachama mdomo dakika nzima. Apu ya benki wala ya pesa za simu siweki humo hata kwa dawa, maana maboresho ya usalama hakijawahi kuyaona tangu kimetoka kwenye boksi. Na zile apu nyepesi za kutufaa sisi nazo wanazizima, YouTube Go ilikufa 2022, asanteni sana Google.

Lakini mnajua kwa nini hivi vitu vina jina baya? Wauzaji. Hapo ndo hasira zangu zilipo. Unaingia dukani unakuta boksi limeandikwa RAM GB 12 kwa herufi kubwa za dhahabu, bei sawa na kiatu, unajiona umeokota. Kumbe GB 4 ndo RAM ya kweli, zile 8 wamekopa kwenye uhifadhi wakajumlisha wakaziita RAM, yaani wamechukua sehemu ya kuwekea mafaili wakaivika koti la spidi. Na hao ndo wastaarabu! Wengine hata hiyo 4 haipo, wamechezea mfumo, ukiingia kwenye mipangilio unasoma namba zilezile za kwenye boksi, kifaa chenyewe kinakudanganya usoni. Mtu ananunua kwa kuaminishwa kwamba ni kompyuta, anajaza Facebook, TikTok, magemu ya mtoto na apu za mikopo, wiki haijaisha kinakwama, anakitupa kabatini na kutangaza mtaa mzima kwamba vishikwambi vya bei chee ni uchafu. Hapana. Wewe umeuziwa uongo, na aliyekuuzia bado yuko palepale anamuuzia mwingine.

Angeambiwa tu ukweli, kwamba hii ni GB 2, inafaa kusoma na kuandika na kupiga mahesabu, angeinunua na ingemfaa miaka. Mbona mimi niliambiwa na nikanunua?

Kwa hiyo ukienda kununua usisome boksi. Nenda na PDF nzito ndani ya simu yako, ya kurasa mia na kitu zenye picha, omba wakuhamishie hapohapo kaunta uifungue, ushuke mpaka chini, kisha fungua na apu nyingine mbili uzipishanishe. Halafu chomeka chaji ukitingishe kidogo uone kama waya umekaa, maana tundu la chaji ndo huanza kufa. Muuzaji akianza kukuambia "dada hii ni mpya, haijaribiwi", mrudishie boksi lake uvuke barabara, maduka yamejaa.